Mstari wa Sita

Ramani ilibandikwa Jumatatu asubuhi ukutani mwa ofisi ya samaki, juu ya kalenda ya mwaka juzi, na kufikia saa nne Mama Mizani alikuwa ameshaiangalia mara tatu na kuitukana mara nne. Mara ya kwanza alidhani miwani inamchezea. Mara ya pili aliivua, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Mara ya tatu aliweka kidole juu ya mto, pale penye daraja, akateremka nao taratibu, kona baada ya kona, mpaka nyuma ya tanuri la matofali, mahali kijito kinapoungana na mto. Kijito kilikuwepo. Walikuwa wamekipaka rangi ya njano.

Chini ya ramani palikuwa na maelezo. Kijani ni hifadhi ya samaki: hakuna nyavu, hakuna kuchimba, hakuna mtu kutia mguu bila kibali. Njano ni eneo lisilo na umuhimu kwa samaki, na shughuli nyingine zinaruhusiwa.

"Lisilo na umuhimu," alisema kwa sauti, ingawa ofisini hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa mjusi juu ya kabati. "Halina umuhimu kwa shangazi yao!"

Jina la Mama Mizani alipewa na watu wa mwaloni, na hakuna anayekumbuka lilimganda lini. Kwa miaka kumi na nane, kila siku isipokuwa Jumapili, alikaa hapo mwaloni, mitumbwi inapoteremsha samaki, nyuma ya meza ambayo mguu wake mmoja mfupi ulikuwa umetegemezwa kwa tofali, na mbele yake mizani ya kuning'iniza. Kazi yake ilikuwa kupima na kuandika: samaki gani, kilo ngapi, wamevuliwa eneo gani la mto. Hauzi, hanunui, hamkamati mtu. Anaandika tu, na jioni anajaza fomu ya serikali. Kabla ya kupima samaki wa kwanza alikuwa anapima jiwe. Lilikuwa jiwe la kilo mbili kamili, analifunga kwenye kitambaa na kulibeba kwenye mkoba kila siku, na mizani isiposema kilo mbili kamili haanzi kazi, hata wavuvi wapige kelele namna gani. Walimtania kwamba iko siku jiwe litanenepa. Yeye alijibu kwamba jiwe lake halina tabia ya kubadilika, tofauti na wanaume kadhaa anaowafahamu.

Basi mtu wa namna hiyo, ukimwambia kijito hakina samaki, ujue umemchokoza.

Kijito chenyewe ukikiona wakati wa kiangazi utacheka. Ni mfereji wa mchanga mkavu wenye majani pembeni, mbuzi wanapita humo kutafuta kivuli. Miezi minane kwa mwaka hakina hata tone. Lakini mvua kubwa zikianza na mto ukafura, maji yanaingia kijitoni kwa nguvu, yanatambaa mpaka kwenye majani, na hapo ndipo ningu wanapopanda. Ningu ni samaki wa midomo mizito, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Mwaka mzima ametawanyika mtoni, humwoni kwa wingi. Ila kwa siku nne au tano hizo wanakuja kwa mamia, majike matumbo yamejaa mayai, wanajisukuma kwenye maji yasiyofika hata goti, wanataga kwenye majani yaliyofunikwa, kisha wanarudi walikotoka. Hawatagi mahali pengine. Baba yake Mama Mizani aliwakuta hapo, na baba wa baba yake. Ukizikosa siku hizo, ukafika siku ya sita, utaapa kwamba hapajawahi kupita hata chura.

Wenye ramani walikuwa wamezikosa. Kwenye ripoti iliyokuja nayo palikuwa na picha ya kijito, imepigwa katikati ya kiangazi, na katikati ya picha amesimama mbuzi. Mama Mizani alimtambua mpaka mbuzi. Alikuwa wa jirani yake, yule mwenye pembe moja.

Na njano ile haikuwa rangi ya mapambo. Wiki iliyopita wenye malori ya mchanga walishafika kijitoni, wakapigilia vigingi, wakaondoka. Walikuwa wanangoja ramani ipitishwe kwenye mkutano wa Alhamisi, waanze kuchimba.

Mkuu wa ofisi aliingia saa nne na nusu, chupa ya chai mkononi, kitambi kikimtangulia. Hakuwahi hata kukaa sawasawa kitini, Mama Mizani akawa ameshamsimamia.

"Mkuu, ningu wako wapi?"

"Ningu gani tena, mama? Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Kijito kimepakwa njano. Ningu watataga wapi, kwenye kikombe chako?"

Mkuu alivuta pumzi kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linazama. "Sikiliza, mama. Ramani hii hakuna mtu aliyeichora kwa mapenzi yake. Imetoka kwenye kompyuta. Yule dada mtaalamu ameugawa mto maeneo ishirini na mawili. Kila eneo limepewa alama kwa aina ya samaki walioandikwa humo. Lenye alama nyingi, kijani. Lisilo na alama, njano. Eneo la tisa, yaani hicho kijito chako, limepata sifuri."

"Sifuri kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kwenye kumbukumbu za miaka kumi na nane hakuna ningu hata mmoja. Na si eneo la tisa tu. Mto mzima hauna ningu."

"Kumbukumbu hizo ninaziandika mimi!"

"Basi umeshajijibu mwenyewe," alisema mkuu, akafungua chupa ya chai.

Hapo Mama Mizani akakumbuka.

Fomu ya serikali ilikuwa na mistari mitano. Kambare. Perege. Kamongo. Mkunga. Na wa tano, Nyinginezo. Mwezi wake wa kwanza kazini ulikuwa mwezi wa mvua kubwa, ningu wakapanda, na yeye, mgeni wa kazi, mwenye kalamu mpya na bidii ya kuudhi, alichukua rula akachora mstari wa sita chini ya ule wa tano, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: Ningu. Mwisho wa mwezi fomu zote ishirini na sita zikarudishwa. Aliyezirudisha alikuwa huyuhuyu mkuu, siku hizo hana ofisi wala kitambi, ni msimamizi tu anayezunguka na baiskeli kukusanya fomu.

"Nani kakwambia uongeze mstari?" alimuuliza siku hiyo mbele ya wavuvi. "Fomu imetoka makao makuu. Makao makuu wote wajinga, mwenye akili wewe?" Akamwamuru aziandike upya, ningu waingie kwenye nyinginezo pamoja na vitu vingine vyote visivyo na jina.

Akaziandika upya. Mwezi uliofuata aliandika nyinginezo bila kuambiwa. Kufikia mwaka wa tano alikuwa hakumbuki kwamba aliwahi kuchora mstari. Mwaka wa kumi wakampa cheti cha usafi wa kumbukumbu, chenye mhuri mwekundu, kwa kuwa fomu zake hazikuwa na mkwaruzo, hazikuwa na nyongeza, hazikuwa na neno pembeni. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na yeye akakivaa. Akakiwekea fremu ya kioo na kukitundika sebuleni juu ya redio.

"Ni wewe uliyenikataza," alimwambia mkuu sasa, sauti imeshuka. "Uliniambia ningu waingie kwenye nyinginezo."

"Mimi?" Mkuu alipuliza chai. "Lini? Una barua yangu?"

Hakuwa na barua. Nani anapewa barua ya kukatazwa kuchora mstari? Alitoka akabamiza mlango mpaka pembe moja ya ramani ikabanduka, na mkuu akaita kwa nyuma kwamba gundi ya ofisi hainunuliwi kwa mdomo.

Mumewe, aliyejulikana kwa jina la Fundi, alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba. Mtu mpole, mwenye maneno ya kuchekesha yanayokuja wakati usiofaa. Alimwona mkewe anakuja kwa mwendo wa kuponda ardhi akajua leo pana kazi.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Miaka kumi na nane yangu."

Alimweleza yote akiwa amesimama, mkoba na jiwe lake begani. Hasira zake zilikuwa zinazunguka hazijui zitue wapi. Kwanza mkuu, mwana wa watu mwenye roho ya karatasi. Kisha dada mtaalamu, aliyekuja na viatu vya ngozi kupiga picha mbuzi. Kisha kompyuta. Lakini kila zilipozunguka zilirudi palepale, kwenye mkono wake mwenyewe wenye mwandiko mzuri. Nani aliyewafuta ningu? Si mkuu. Mkuu alisema mara moja tu, kisha akapanda baiskeli akaondoka. Aliyewafuta jioni baada ya jioni ni yeye, na akajisifu kwa usafi.

"Lakini wewe si huwa unaandika mara mbili?" Fundi alisema. "Asubuhi kwenye daftari la rafu, jioni kwenye fomu."

Mama Mizani alimtazama. Ilikuwa kweli. Asubuhi, wavuvi wanapogombania mizani na karai zinapangana, mkono unaandika kile jicho linachokiona: ningu kilo arobaini, eneo la tisa, uzito wa karai umeshatolewa. Ni jioni tu, kwenye utulivu, alipowageuza kuwa nyinginezo. Daftari likijaa alilileta nyumbani.

"Madaftari yako wapi?" aliuliza.

Fundi akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Baba watoto. Madaftari yangu yako wapi?"

"Si uliniambia ni takataka?"

Aliingia kibandani mwenyewe. Nyuma ya matairi palikuwa na boksi, na juu ya boksi karatasi zilizokunjamana, nyeusi kwa grisi. Aliichukua moja, akaikunjua. Katikati ya alama za vidole vya mumewe aliona mwandiko wake: Ningu 61, eneo la 9.

"Umefutia minyororo ya baiskeli!" Alipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anangoja pancha akasogea barabarani. "Miaka kumi na nane ya samaki, wewe mwanaume, umefutia mikono!"

"Angalau mikono yangu imefutwa na serikali," alisema Fundi. Alipoona uso wa mkewe akatamani kuyameza maneno yake.

Mama Mizani alilirusha boksi uani. Halafu alikaa juu ya tairi bovu na kulia, si kilio cha huzuni, kilio cha mtu anayetaka kumpiga mtu na hamwoni wa kumpiga. Fundi alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akatandika turubai uani, akaanza kuokota karatasi moja moja na kuzikunjua kwa ncha za vidole.

Walikaa juu ya turubai hilo mchana wote wa Jumanne na wa Jumatano. Katika madaftari thelathini na sita yalikuwa yamebaki mazima tisa. Karatasi zilizokuwa zimechanika walizipanga kwa tarehe, zile ambazo tarehe ilisomeka. Fundi alisoma, Mama Mizani aliandika. Misimu saba ya mvua ilipatikana. Kila msimu, siku zilezile nne au tano baada ya mto kufura, ningu wa eneo la tisa: kilo mia nne, mia tano thelathini, mia sita na kitu. Nje ya siku hizo, mmoja mmoja. Hata mtu ambaye hajawahi kumwona samaki angeelewa.

"Wavuvi watakuchukia," alisema Fundi, akinyoosha karatasi ya mwisho. "Ukishinda, kijito kinakuwa kijani. Hakuna kuweka nyavu siku za ningu."

"Wanichukie. Afadhali ningu wawepo, tuchukiane kwa ajili yao."

Mkutano wa Alhamisi ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mbele walikaa mkuu na dada mtaalamu. Huyo dada alikuwa na umri wa binti mkubwa wa Mama Mizani, na alipomwona alisimama kumsalimia kwa adabu zote, jambo lililomuudhi Mama Mizani zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumkuta mtu mwenye kiburi.

Ilipofika zamu ya maswali, Mama Mizani alikwenda mbele na karatasi zake za grisi, akazimwaga juu ya meza.

"Eneo la tisa lina ningu," alisema. "Hizi hapa. Misimu saba, tarehe na kilo. Hapo ndipo wanapotaga na hawatagi kwingine. Mkichimba mchanga pale, mnawamaliza ningu wa mto mzima."

Dada mtaalamu alizichukua karatasi, akazisoma kweli, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vyake navyo vikawa vyeusi. "Lakini mama," alisema, "kwenye fomu hawa ningu hawamo."

"Wamo. Ndio nyinginezo."

"Nyinginezo kompyuta haiwezi kuzipa alama. Haijui ni samaki gani."

Hapo mkuu akaona mwanya. Aligeuka upande wa watu, akatabasamu. "Kwa hiyo, mama, unaliambia baraza hili kwamba fomu za serikali ulizojaza kwa miaka kumi na nane si za kweli?"

Darasa zima likamgeukia. Watu wote mle walimjua yeye na jiwe lake. Waliokuwa na kesi za kudhulumiana samaki walikwenda kwake, na akishasema kilo, kesi imekwisha. Mama Mizani alijua anaulizwa nini, na alijua kwamba jibu lolote litamvua kitu.

"Ndiyo," alisema. "Si za kweli. Nimeziandika kwa mkono wangu huu. Niliambiwa nisiongeze mstari, nikatii kama mjinga. Makosa ni ya aliyeniambia na ni yangu niliyekubali. Ningu hawana kosa. Mkitaka kuniadhibu niadhibuni, lakini kijito kipakeni kijani."

Dada mtaalamu alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, mimi nakuamini," alisema taratibu.

"Sitaki kuaminiwa, mwanangu. Nataka kijani."

Waliongea chini kwa chini, mkuu na dada mtaalamu, kwa dakika kumi. Ilionekana dada anabisha. Ilionekana pia kwamba hajazoea kubishana na watu wazima. Kisha mkuu alisimama akatangaza uamuzi kwa sauti ya sherehe. Kompyuta inapokea fomu zilizosainiwa tu, haipokei karatasi za gereji. Hata hivyo ofisi ni sikivu. Kuanzia mwezi ujao fomu itakuwa na mstari wa sita uliochapishwa rasmi, Ningu. Kumbukumbu zitakusanywa kwa miaka mitatu, na baada ya hapo ramani itaangaliwa upya. Kwa sasa ramani imepita ilivyo.

Na watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye! Kuna aliyempa mkono, kuna aliyesema mama umeongea, umewapa vidonge vyao. Mama Mizani alisimama katikati ya makofi hayo akitamani kumrukia mtu. Alikuwa amekuja kuomba kijito, amepewa mstari.

"Miaka mitatu!" alimwambia mkuu walipokuwa wanatoka. "Malori yanaingia keshokutwa!"

"Mama, na wewe huridhiki," alisema mkuu. "Mstari si ulikuwa unautaka tangu zamani?"

Kumbe alikumbuka. Ndicho kilichomkata maini: kwamba alikumbuka siku zote.

Malori yaliingia Jumamosi. Kwa wiki tano yalichimba, na kijito kikawa mashimo kumi na moja yanayofuatana, mengine marefu kuliko mtu, kingo zimekatwa wima, majani yote yamefukiwa. Mama Mizani alipita pale kila asubuhi akienda kazini, hata kama si njia yake. Madereva walimzoea. Mmoja alimpungia mkono kila siku na hakuwahi kupungiwa.

Kisha mvua zikaja, mto ukafura, na ningu wakapanda. Wao hawasomi ramani. Waliingia kijitoni kama miaka yote, wakatafuta majani na hayakuwepo, wakaendelea kusukumana kwenda mbele wakitumbukia shimo hadi shimo, na maji yalipoanza kupungua siku ya nne wakawa wamenaswa. Hapakuhitajika nyavu. Watu walishuka mashimoni na karai, ndoo, hata vyandarua, wakawazoa.

Siku tatu mfululizo Mama Mizani hakupumzisha mkono. Mizani ilipanda na kushuka mpaka kamba ikakatika, ikafungwa upya, akapima jiwe, akaendelea. Mezani palijaa mayai. Majike yalikuwa yanayatoa yenyewe yakining'inia kwenye ndoana, mayai madogo ya rangi ya mchele, yakimwagika juu ya daftari, na yeye akayafuta kwa kiganja ili aone pa kuandika. Jumla ilikuwa kilo elfu moja mia tisa na arobaini. Haijawahi kutokea.

Jioni ya siku ya tatu mkuu alikuja mwenyewe mwaloni, uso umechangamka.

"Umeona mambo?" alisema. "Rekodi! Mwaka wa kwanza tu wa mstari wako. Mchanga umewatengenezea mabwawa, sasa wananawiri. Na wewe ulitaka tuzuie. Makao makuu watafurahi hawa."

Mkononi Mama Mizani alikuwa na fomu mpya, safi, inayonukia wino, mistari sita iliyonyooka. Kwenye mstari wa sita aliandika 1,940, jumla ya siku tatu alizokosa nafasi ya kujaza fomu, kwa sababu ndivyo mizani ilivyosema. Halafu, pembeni, nje ya mstari, mahali ambapo kwa miaka kumi na nane hakuwahi kugusa, aliandika: Wameokotwa ndani ya mashimo ya mchanga. Wote na mayai. Hakuna aliyetaga.

Fomu ilirudi kesho yake. Mkuu aliileta kwa mkono wake.

"Pembeni pa fomu si mahali pa kuandikia," alisema. "Iandike upya."

Wavuvi walikuwa wamesimama kama siku ile ya zamani, wengine ni watoto wa wale wa siku ile. Mama Mizani alivua miwani, akaikunja. Alichukua kalamu, akaisukuma juu ya meza mpaka ikamgusa mkuu tumboni.

"Andika wewe."

"Mama, hii ni amri ya kazi."

"Nimesikia. Andika wewe. Mkono unao, nimeuona ukisaini. Waandike wamenawiri, waandike wanacheza ngoma, waandike unavyopenda. Mwandiko wangu hutaupata tena kwa hilo. Na safari hii nataka barua. Niandikie barua kwamba nimekataa kufuta neno mashimo."

Mkuu alitazama watu, akatazama kalamu. Barua hakuandika. Alikunja fomu, akaitia mfukoni na kuondoka, na iliyofika makao makuu ilikuwa na mwandiko mwingine na pembeni peupe. Kumfukuza hakumfukuza, maana ni nani mwingine angekubali kukaa nyuma ya meza ya mguu mfupi kila alfajiri akinuka samaki?

Jioni hiyo Mama Mizani alishusha cheti chenye fremu ukutani. Alitoa kioo, akachomoa karatasi yenye mhuri mwekundu, akampelekea Fundi kibandani.

"Futia minyororo," alisema. Fundi aliitazama, akamtazama, na kwa mara ya kwanza maishani hakutafuta la kuchekesha. Aliipokea, akaifutia mikono.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa nzuri. Mto ulifura kama kawaida, maji yakaingia kijitoni, mashimo yakajaa mpaka juu. Mama Mizani alikwenda kila alfajiri kabla ya kazi, akasimama ukingoni na gauni lililolowa mpaka magotini, akitazama. Vyura walikuwepo. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Alikwenda mpaka siku ya kumi na mbili, kwa sababu ya ujeuri tu. Mwaloni aliwauliza wavuvi mmoja mmoja, wa juu ya daraja na wa chini yake, na kila mmoja alitikisa kichwa.

Fomu za mwezi huo zilikuwa ishirini na sita. Kila siku alipima jiwe, akapima kambare, perege, kamongo na mkunga, na jioni kwenye mstari wa sita akaandika sifuri, akikandamiza kalamu mpaka ikatokeza upande wa pili. Pembeni hakuandika kitu. Hapakuwa na la kuandika. Mkuu alizisaini zote kwa siku moja, na hakurudisha hata moja.